Kufuga selulosi ya bakteria kwenye bayoreakta ya sahani zinazozunguka: mwongozo kamili

Bayoreakta yangu ya kwanza, yaani chombo cha kufugia vijidudu, ilikuwa ya kukoroga. Nilifuata mazoea: tangi, panga la kukorogea, hewa inayobubujika kutoka chini. Siku ya nne nilipofungua kifuniko nilikuta panga limevikwa nyuzi nyeupe kama singa za katani zilizonasa kwenye ekseli. Sensa ya oksijeni ilikuwa imefunikwa ute, na maji yamekuwa mazito kama uji uliolala. Utando wa selulosi, zile nyuzi zinazojenga pia pamba na karatasi, niliokuwa nautafuta haukuwepo. Nilikuwa nimekoroga kile nilichotakiwa kukiacha kitulie.

Mwongozo huu ni wa namna nyingine: chombo cha lita 6 chenye sahani zinazozunguka polepole, nusu majini nusu hewani. Fundi wa kawaida anaweza kukijenga, na kwa anayeanza nakiona ni bora kuliko tangi la kukoroga la bei yoyote. Mwishoni nitagusia lini tangi linafaa.

Kwanza mjue mfumaji wako

Bakteria tunayemfuga anaitwa Komagataeibacter xylinus. Vitabu vya zamani vinamwita Acetobacter xylinum. Ni wa ukoo wa siki. Ubavuni ana safu ya matundu, na kutoka humo hutoka nyuzi nyembamba za selulosi zinazoshikana kuwa utepe mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Anakula sukari huku, anatema uzi kule. Mamilioni yao wakifuma pamoja unapata utando mweupe, unaoteleza, mgumu kuchana, ambao karibu asilimia 99 ya uzito wake ni maji. Mwingereza A. J. Brown aliueleza utando huu mwaka 1886 akichunguza siki. Wafilipino wanaupika kwa maji ya nazi na kuula kama kitamutamu, nata de coco. Sony waliutumia kutengeneza viwambo vya sauti vya hedifoni zao za MDR-R10 mwaka 1989.

Bila hewa hafumi. Ukimwacha kwenye beseni lililotulia, anafuma juu tu, pale maji yanapokutana na hewa. Utando ukinenepa, walio chini wanakosa oksijeni na walio juu wanakosa sukari, kazi inadorora. Kwa hiyo kwenye beseni kinachoamua mavuno ni upana wa uso wa maji, wala si wingi wa maji. Mtu anayejaza ndoo ya lita 20 anapata utando uleule ambao angeupata kwenye maji ya kina cha sentimita tatu.

Piga hesabu. Beseni lenye mdomo wa sentimita 26 kwa 30 lina uso wa sentimita za mraba 780. Kwenye nafasi hiyohiyo panga sahani 8 za wima zenye kipenyo cha sentimita 24. Kila moja ina pande mbili, na jumla yake, kabla ya kutoa matundu, ni takribani sentimita za mraba 7,200. Ni mara tisa. Na kila kipande cha sahani kinapita majini kula, kisha kinapanda juu kuvuta hewa, bila kuchapwa na kitu chochote.

Kujenga chombo

Mwambie fundi wa kuchomelea, yule anayetengeneza meza na masinki ya hoteli, akutengenezee hori la chuma cha pua, umbo la nusu pipa: upana wa juu sentimita 26, urefu sentimita 30. Sisitiza viungo vya ndani vipigwe msasa hadi viwe laini, maana ufa mdogo ni nyumba ya ukungu. Juu ya nusu pipa aongeze kuta za wima, na kifuniko chenye ukingo wa silikoni kipate urefu wa kufunika nusu ya juu ya sahani. Chini weka bomba la kutolea maji lenye koki.

Shafti ipite sentimita 2 juu ya usawa wa maji. Hili ni jambo dogo linaloondoa balaa kubwa: shafti ikiwa juu ya maji, huhitaji sili ya kuzuia uvujaji, na hapo ndipo bayoreakta nyingi za kienyeji zinapofia. Bushi za tefloni pande mbili zinatosha.

Sahani ziwe za polipropilini ya milimita 3, au wavu wa chuma cha pua. Angalia usiuziwe kitu kingine: bao nyingi za plastiki za kukatia mboga ni polithini, zinavumilia maji ya moto lakini otoklevu (chungu cha mvuke wa presha cha kuulia vijidudu) inazipinda. Toboa kila sahani matundu ya kipenyo cha sentimita 1, kila baada ya sentimita tatu hivi, kisha ipige msasa pande zote. Sahani laini isiyo na matundu inakuumbua: siku ya tano utando wote unavuliwa kama soksi na kuangukia chini. Kwenye matundu, utando wa upande huu unashikana na wa upande ule, basi hauanguki. Achanisha sahani kwa sentimita 3, kwa sababu utando wenyewe utataka nafasi kila upande.

Mzunguko unaotakiwa ni mara 10 kwa dakika, usizidi 15. Mota ya waipa za gari inafaa kwa sababu ina gia ndani yake na nguvu ya kutosha. Kwa spidi yake ndogo huzunguka kama mara 40 kwa dakika, hivyo funga puli ndogo kwenye mota na puli ya ukubwa mara nne kwenye shafti. Iendeshe kwa chaja ya volti 12, na betri pembeni. Umeme ukikatika usiku mzima na sahani zikasimama, nusu ya juu inaanza kukauka na nusu ya chini inakosa hewa, na alama ya mstari huo huitoi tena.

Hewa itoke kwenye pampu ya tangi la samaki, lita 1 hadi 2 kwa dakika, ipite kwenye chujio la mikromita 0.2, kisha kwenye chupa ya maji yaliyochemshwa ili ipate unyevu, ndipo iingie juu ya maji. Isibubujike ndani ya maji. Tundu la kutokea nalo liwe na chujio au pamba iliyosindiliwa vizuri.

Chakula: njia mbili

Njia ya maabara ni mchanganyiko wa Hestrin na Schramm wa mwaka 1954, ambao mpaka leo ndio kipimo cha kulinganishia. Kwa kila lita ya maji:

glukosi gramu 20
peptoni (protini iliyovunjwavunjwa) gramu 5
dondoo ya hamira gramu 5
fosfati ya sodiamu (Na₂HPO₄) gramu 2.7
asidi ya sitriki gramu 1.15

Rekebisha pH, kipimo cha uchachu, iwe 6 au chini kidogo. Glukosi ichemshe peke yake kwenye otoklevu na uchanganye baadaye. Ikipikwa pamoja na peptoni inakuwa ya kahawia na utando unarithi rangi hiyo.

Njia ya pili ndiyo inayonihusu mimi niliye pwani. Kila panapovunjwa nazi kwa ajili ya tui au mbata, maji yake humwagwa. Yana sukari na madini tayari. Chukua maji ya nazi iliyokomaa, si ya dafu, ya siku hiyohiyo. Ya jana yameshaanza kuchacha. Chuja kwa kitambaa. Kwa kila lita weka sukari gramu 50 na fosfati ya amonia ya daraja la chakula gramu 5, chemsha dakika 30, kisha tia siki nyeupe mpaka pH ifike 4.5. Usitumie mbolea ya dukani hata kama jina lake linafanana, kama kuna mtu atakula au kuvaa kitakachotoka.

Kishawishi cha kuongeza sukari ni kikubwa. Kizuie. Bakteria huyu ana kimeng'enya kwenye ngozi yake kinachogeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki kabla hata haijaingia ndani, na sukari ikizidi anageuza zaidi kuliko anavyofuma. Unamaliza na maji makali yenye utando mwembamba.

Njia zote mbili, chakula kikishapoa, ongeza ethanoli mililita 10 kwa lita. Inamwongezea nguvu za kufuma na, kwenye vyombo vinavyotikisika, inawazuia wale wavivu nitakaowataja hivi punde. Iwe ethanoli safi. Spiriti ya rangi ina sumu.

Usafi, na kwa nini siki inakubeba

Hori hili haliingii kwenye otoklevu ya kawaida. Ukitumia chakula cha pH 6, unahitaji mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 20, yaani uwe na otoklevu kubwa. Ukitumia maji ya nazi ya pH 4.5 mambo ni mepesi: mvuke wa kawaida wa nyuzi 100 kwa saa moja hauui mbegu sugu za bakteria wengine, lakini karibu zote haziwezi kuchipua kwenye uchachu ule. Chukua sufuria ya presha, toa kipuli chake, unganisha mpira wa silikoni na upeleke mvuke ndani ya hori lililofungwa, sahani zikiwa zinazunguka. Kisha mimina chakula kikiwa bado cha moto, funga, kiache kipoe humo.

Wengine wanasafisha kwa Jik. Inawezekana, lakini suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe, kwa sababu mbili. Klorini inakula chuma cha pua ikikaa. Na klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu, palepale usoni mwako.

Mbegu

Ukiweza, agiza mbegu kwenye benki ya vijidudu au omba idara ya mikrobiolojia ya chuo. Utando wa kombucha, ile chai iliyochachushwa, pia unao ukoo huu, ila wamechanganyika na hamira. Unafaa kujifunzia tu, kwa kuwa matokeo ya leo hayatafanana na ya mwezi ujao.

Weka mililita 600 za chakula kwenye chupa pana mbili au tatu, pandikiza, funika kwa pamba, ziache zimetulia siku 3 kwenye nyuzi 28 hadi 30. Utando mwembamba utatanda juu. Sasa tikisa chupa kwa nguvu dakika mbili tatu, maana wengi wa bakteria wamenaswa ndani ya utando na wanapaswa kutoka. Kamua kwa vyombo visafi, chuja kwa shashi iliyochemshwa. Maji yenye ukungu mweupe utakayopata ndiyo mbegu: asilimia 10 ya ujazo wa hori, yaani mililita 600 kwa lita 6.

Kabla hujazimwaga zote, chukua mililita chache, changanya na gliseroli ifike asilimia 20, gandisha kwenye nyuzi −80. Hii ndiyo mbegu mama. Kila mzunguko mkubwa uanze nayo. Ukiwatikisa na kuwahamisha kila mara, wanajitokeza wasiofuma kabisa. Hao hawabebi mzigo wa kutema uzi, basi wanakula na kuzaana haraka kuliko wenzao, na baada ya vizazi kadhaa una maji ya ukungu yasiyo na utando. Nimeona mtu akilaumu nazi miezi miwili, tatizo likiwa ni mbegu iliyochoka.

Kuendesha

Siku ya kwanza huoni kitu, ila ukipitisha kidole chenye glavu kwenye sahani utahisi utelezi. Siku ya pili sahani inang'aa kama imepakwa ute wa yai. Siku ya tatu weupe unaonekana na matundu yanaanza kuziba. Kuanzia hapo unaongezeka unene kila siku mpaka kati ya siku ya saba na ya kumi.

Joto liwe nyuzi 28 hadi 30. Wakati wa kaskazi chumba cha bati kinapita hapo mchana, na ukifika 35 kazi inaharibika. Mimi hulizungushia hori gunia la katani lililoloweshwa na feni mbele yake. Inatosha kushusha nyuzi tatu au nne. Nyanda za juu kunahitaji hita ndogo ya tangi la samaki, iliyowekwa kwenye beseni la maji chini ya hori na si ndani yake.

Pima pH kila siku kwa sampuli ya kwenye koki. Ikishuka chini ya 3.5 ufumaji unazorota. Irudishe taratibu kwa myeyuko wa kostiki (sodiamu haidroksidi), matone kwa matone, sahani zikizunguka. Kwenye mchanganyiko wa maabara utaifanya kazi hii zaidi, kwa sababu ya ile asidi ya glukoniki.

Usifungue kifuniko kwa hamu ya kuangalia. Ndiyo sababu nashauri kifuniko kiwe cha polikaboneti inayopitisha mwanga.

Kuvuna na kusafisha

Zima, toa maji, chomoa shafti yote na sahani zake. Pitisha kisu ukingoni mwa kila sahani, kisha menya utando ukiuvuta sambamba na sahani, si kuelekea kwako. Vishikizo vya kwenye matundu vitakatika kimoja kimoja, kwa mlio mdogo wa kunyofoka.

Suuza kwa maji mara tatu. Kisha chemsha kwenye kostiki: gramu 4 za sodiamu haidroksidi kwa lita ya maji, nyuzi 80 hadi 90, dakika 30 hadi 60. Hii inayeyusha bakteria na mabaki ya chakula. Maji yatakuwa ya njano. Yamwage, rudia mpaka utando uwe mweupe unaopitisha mwanga kama nyama ya dafu changa. Halafu loweka kwenye maji safi, ukibadilisha asubuhi na jioni, mpaka pH ifike 7. Vaa glavu na miwani, na tia kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki.

Hapa ndipo jiko la nyumbani linapokuangusha. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, juu ya jiko linalowaka. Tumia chuma cha pua au enameli isiyobanduka. Na magadi si kostiki, yatakupotezea siku.

Kupima mavuno, kausha kipande ulichokipima kikiwa kibichi, mpaka uzito usibadilike. Kwa mchanganyiko wa maabara, gramu 2 hadi 4 za selulosi kavu kwa lita ni mavuno ya kawaida. Kwa hori la lita 6, gramu 18 kavu maana yake ni karibu kilo 1.8 za utando mbichi. Chini ya gramu 1 kwa lita, tafuta kosa.

Namna ya kukausha inategemea unataka nini. Ukiubana kati ya vitambaa na kuukausha kwa nyuzi 50 unapata kitu kama ngozi ya ngoma, kigumu ajabu, lakini ukishakauka hivyo hausharabu tena maji kama mwanzo. Anayetaka unywe maji auache mbichi kwenye maji yaliyochemshwa, au aukaushe kwa kugandisha. Na usiweke kwenye kidonda cha mtu. Bakteria huyu ni wa kundi la Gram hasi, magamba yake yana sumu inayoleta homa, na kuthibitisha kwamba imeisha ni kazi ya maabara yenye vipimo vyake.

Mambo yakienda mrama

Madoa ya kijani au meusi yenye manyoya ni ukungu. Usikate doa na kuendelea, mwaga vyote. Vijinzi vya siki vikionekana karibu na chujio, kuna pengo. Utando ukianguka kutoka kwenye sahani, punguza mzunguko kabla ya kulaumu plastiki. Ukiwa mnene upande mmoja wa hori na mwembamba upande mwingine, hewa inaingia na kutoka upande uleule mmoja. Hamisha tundu la kutokea liwe mwisho wa pili. Maji mazito yasiyo na utando ni wale wavivu: rudi kwenye mbegu mama.

Kama unataka rojo badala ya tando

Wapo wanaohitaji nyuzi zilizosambaa, kwa mfano za kuimarishia karatasi au kukazia chakula. Hapo sahani hazikusaidii. Ila bado usikimbilie panga la kukorogea. Tangi refu ambalo hewa inapanda kwa bomba la katikati na maji kushuka pembeni linazungusha bila kukata. Anza na lita moja ya hewa kwa kila lita ya maji kwa dakika, tia agari gramu 1 kwa lita ili vipira vya selulosi visigandamane, na chagua mbegu iliyozoea msukosuko. Wajapani walichagua mbegu iitwayo BPR2001, inayopatikana kwenye benki ya vijidudu ya ATCC kwa namba 700178, kwa kazi hiyohiyo, na inakula fruktosi na sukari ya kawaida vizuri.

Kwa sahani, baada ya kumenya usizisugue mpaka zing'ae kama unataka kurudia palepale. Ute mwembamba unaobaki kwenye matundu una bakteria hai. Zirudishe ndani ya chakula kipya ndani ya nusu saa, bila mbegu nyingine, na siku ya pili tayari kuna weupe. Mimi hurudia hivyo mara mbili. Ya tatu naosha kila kitu, napeleka mvuke, na naanza upya na kichupa cha kwenye friza.